Thamani ya Iyafoni na Hukumu ya Sikio

Katika maduka ya vyombo vya umeme yaliyosongamana Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na kadhalika katika yale ya Luthuli Avenue mjini Nairobi, hutundikwa ukutani iyafoni za kila sura na kila rangi, nyingine zikiuzwa kwa fedha ambazo mtoto wa shule aweza kuzidunduliza katika majuma machache, na nyingine, zilizolazwa ndani ya visanduku vizito vyenye kitambaa laini, zikitajwa kwa bei ambayo mtu wa mshahara wa wastani akiisikia huguna. Ng'ambo tofauti hiyo ni kubwa zaidi: mwaka 2021 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa iyafoni ya waya iitwayo IE 900 kwa karibu dola 1,300, ilhali watengenezaji wa Uchina, kama Moondrop na 7Hz, hutoa iyafoni za waya za dola 20 hivi ambazo wajuzi wa mambo haya huzisifu bila kuona haya. Kati ya dola 20 na dola 1,300 pana mara sitini na tano. Swali linalostahili kuulizwa, ambalo wauzaji aghalabu hulijibu kabla halijaulizwa, ni kama katika mara hizo sitini na tano sikio la msikilizaji wa kawaida hupata hata mara moja ya ziada.

Kwa msikilizaji wa kawaida nakusudia mtu ambaye sauti si kazi yake: mwanafunzi anayesoma huku akisikiliza nyimbo, karani aliye ndani ya daladala, mama anayefuatilia mawaidha wakati wa kupika. Mtu huyo hana zana za kupimia, wala hana hamu ya kuzijua, lakini ana masikio mawili yaliyofanya kazi tangu kuzaliwa kwake, na masikio hayo, kama tutakavyoona, si wajinga kama wataalamu walivyopata kudhani.

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba uzuri wa sauti ni jambo la moyo wa mtu lisiloweza kupimwa, kama usivyoweza kumshurutisha mtu apende halua kuliko kashata. Dhana hiyo ina chembe ya kweli, walakini chembe hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2017 Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa iyafoni za aina 30 na wasikilizaji 71, baadhi yao wakiwa wamefunzwa kusikiliza na wengine hawana mafunzo yoyote. Kwa kuwa iyafoni haiwezi kufichwa kwa pazia, maana mwenye kuivaa huitambua kwa uzito wake na kwa namna inavyomgusa ndani ya sikio, watafiti hao walitumia hila nzuri: kila msikilizaji alivaa iyafoni moja ileile, nayo kompyuta ikawa inaigeuza sauti yake ifanane na sauti iliyopimwa katika kila moja ya zile 30. Basi aliyesikiliza hakujua anasikiliza ipi, hakuliona jina, hakuiona bei, na wala sikio lake halikuguswa na kitu kigeni cha kumpa fununu. Ndipo ilipodhihirika kwamba waliofunzwa na wasiofunzwa walielekea upande mmoja: walipendelea sauti iliyosawazishwa kwa mchoro maalumu ambao watafiti walikuwa wameuweka kuwa kipimo, na kadiri iyafoni ilivyokwenda mbali na mchoro huo, ndivyo ilivyozidi kushushiwa alama.

Msomaji mwenye tahadhari atauliza Harman ni nani, na ana haki ya kuuliza. Ni kampuni yenye majina ya JBL na AKG, nayo tangu mwaka huohuo wa 2017 imo mikononi mwa Samsung. Yaani ni muuzaji anayeipima bidhaa aliyo nayo dukani kwake. Hata hivyo muuzaji huyu alitangaza jambo ambalo halimfai muuzaji yeyote wa vitu vya ghali, kwamba mtu asiyejua kitu aweza kuipambanua sauti njema na mbaya mradi tu afichwe kibandiko cha bei, na ushahidi unaomwelemea mwenye kuutoa huwa na uzito wa pekee.

Lakini majaribio hayo yanaeleza watu wanapenda nini, na hayasemi kama wanachokipenda ndicho kinachouzwa ghali. Jibu la upande huo lilitolewa katika mwaka huohuo na Jeroen Breebaart, ambaye alikusanya vipimo vya vifaa 283 vya kusikilizia, vya kuingia sikioni, vya kukaa juu ya sikio na vya kulifunika lote, akavilinganisha na bei zake za dukani, kisha akachapisha matokeo yake katika jarida la Chama cha Akustika cha Marekani. Hakuona uhusiano wowote kati ya bei na namna kifaa kinavyogawa nguvu zake baina ya sauti nene, za kati na nyembamba. Haifai kulifahamu neno hili kinyume chake, kana kwamba vifaa vyote ni sawa. Tofauti baina yao ni kubwa mno, na yeyote aliyebadilisha iyafoni mbili katika wimbo mmoja anaijua. Ila tofauti hiyo haikupangwa kwa ngazi za fedha, bali imetawanyika juu na chini, hata katika safu ya ghali utakuta zilizoharibika mizani, na katika safu ya rahisi utakuta zilizonyooka.

Sababu ya jambo hili imo katika maumbile ya sikio lenyewe. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na likiwa wazi huzikuza zile sauti zilizo karibu na hezi 3,000, kama chupa inavyovuma mdomo wake upulizwapo. Ubongo umezoea ukuzaji huo tangu utotoni, nao huuhesabu kuwa ndiyo hali ya kawaida ya dunia. Iyafoni inapoingia na kuliziba tundu, mvumo huo hutoweka mahali pake, na mtengenezaji asipourudisha kwa makusudi, mwimbaji husikika kama aliyefunikwa blanketi; akiurudisha kupita kiasi, sauti huchoma na kuchosha. Kazi yote, basi, ni kujua kiasi cha kurudisha, na kiasi cha besi cha kuongeza chini yake, na ujuzi huo ukishachapishwa haugharimu kitu kuunakili. Vifaa vyenyewe, yaani utando mwembamba, sumaku na koili ya waya wa shaba, viwanda vya Guangdong huvifyatua kwa maelfu na maelfu. Fundi mwenye kompyuta, kipimio na subira anaweza kuifikisha iyafoni ya dola 20 karibu na mchoro wanaoupenda wengi, na wale wa Uchina niliowataja ndivyo wafanyavyo, hali tajiri wa dola 1,300 huenda akaamua kwa hiari yake kuuacha mchoro huo ili bidhaa yake iwe na tabia ya peke yake, nayo tabia hiyo imridhishe mmoja na kumchukiza mwingine.

Kuna waliojaribu kuipandisha sauti kwa kuongeza idadi. Mwanzo wa habari hiyo ulikuwa wa heri: spika ndogo mno zilizobuniwa kwa ajili ya vifaa vya kuwasaidia viziwi zilichukuliwa na watu wa muziki, hata mwaka 1991 kampuni ya Etymotic ya Mead Killion ikatoa ER-4, yenye spika moja tu ya namna hiyo kwa kila sikio, na mwaka 1995 fundi wa sauti Jerry Harvey akamtengenezea Alex Van Halen, mpiga ngoma, iyafoni za kuvaa jukwaani. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuhesabu: spika mbili kwa kila sikio, kisha nne, kisha nane, kisha kumi na mbili, na bei ikawa inapanda pamoja na hesabu. Lakini spika nyingi zilizobanwa ndani ya kijumba kimoja zahitaji kugawiana kazi bila kugombana, na zikigombana, mwenye spika moja iliyotulia huwa amewashinda. Kadhalika maandishi ya kisandukuni yanayojisifu kwamba iyafoni hutoa sauti za hezi 40,000 na zaidi hayana faida kwa binadamu, ambaye masikio yake, hata akiwa kijana mwenye afya, hukoma karibu na hezi 20,000, na umri ukisonga hukoma mapema zaidi. Popo pengine angeinunua.

Kuna jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, lina nguvu kuliko yote niliyokwisha kuyataja, nalo ni kile kimpira kidogo kinachoingia sikioni. Iyafoni ya aina hii hutegemea kuliziba tundu sawasawa. Pakibaki upenyo mwembamba kama unywele, sauti nene hutoroka, na besi iliyokuwa nguzo ya wimbo huanguka. Mwenye kusikiliza singeli au bongo fleva katika hali hiyo hupata kelele za juu pasipo mdundo wa chini, naye, bila kujua sababu, huongeza sauti, na kwa kuongeza huzidi kujiumiza kwa zile kali zilizobaki. Kisanduku aghalabu huja na vimpira vya ukubwa wa namna tatu, lakini watu wengi huviacha vile vya katikati vilivyovishwa kiwandani na kuvitupa vingine pamoja na karatasi, wasijue kwamba hata sikio la kulia na la kushoto la mtu mmoja yaweza kuwa na upana mbalimbali. Njia ya kupima ni nyepesi: wimbo wenye besi ukiendelea, isukume iyafoni ndani kidogo kwa kidole, besi ikinenepa ghafula, ujue palikuwa na mwanya, na kimpira kikubwa zaidi au cha sponji kitafaa. Kwa kanuni hii ya maumbile, iyafoni ya rahisi iliyokaa vema itaishinda ya ghali inayovuja, wala hakuna chuma cha thamani wala waya wa fedha uwezao kuugeuza ukweli huo. Na ajabu ni kwamba vimpira vya akiba huuzwa kwa bei ndogo sana kuliko iyafoni mpya, lakini ni wachache wanaokwenda dukani kuviulizia.

Ikiwa hayo ndiyo hali halisi, mbona watu waaminifu, wasio na sababu ya kudanganya, huapa kwamba iyafoni yao ya ghali inawapa raha ambayo ya zamani haikuwapa? Tusiharakishe kuwaita waongo. Mwaka 1994 Floyd Toole pamoja na Sean Olive walionyesha kwa spika za nyumbani kwamba watu walewale, wakisikiliza vitu vilevile, waligeuza hukumu zao walipoviona kwa macho. Ukubwa wa kijumba na jina lililoandikwa vikawa vinasikika. Mwaka 2008 Hilke Plassmann na wenzake waliwaonjesha watu 20 mvinyo, huku wakitazama kazi ya ubongo wao kwa mashine, na mvinyo uleule mmoja uliotajwa kwamba ni wa dola 90 uliwapendeza kuliko ulipotajwa kwamba ni wa dola 10. Wala haikuwa maneno ya mdomoni tu, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoshughulika na ladha ya raha nayo ilizidisha kazi yake. Kwa hiyo anayeapa anasema kweli ya nafsi yake. Raha aliyoipata ni raha yakini, ila chimbuko lake si kwenye utando wa iyafoni. Ni kwenye kumbukumbu ya fedha zilizomtoka. Sharti lake ni kwamba aendelee kuijua bei, na siku akimpa mdogo wake iyafoni hiyo bila kumwambia thamani yake, mdogo hatairithi raha hiyo pamoja na waya.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba, maadamu raha ni raha, hakuna haja ya kuchunguza ilikotoka. Kwa tajiri neno hilo halina madhara. Kwa kijana anayelimbikiza mshahara wa miezi, kumwambia kwamba ananunua sauti, hali unamwuzia fahari, ni kumficha habari ya biashara yake mwenyewe.

Kuna pia hila ya kale ambayo hata muuzaji asiyekusudia ubaya huifanya. Kati ya sauti mbili zilizo sawa kwa kila hali, ile iliyo kubwa kwa desibeli moja tu huonekana njema zaidi, na msikilizaji haambii nafsi yake kwamba imeongezwa. Husema ni safi, au ina uhai. Harvey Fletcher na Wilden Munson walieleza tangu mwaka 1933 kwamba kadiri sauti inavyopandishwa ndivyo sikio linavyozipokea zile nene kwa wepesi zaidi. Basi iyafoni mbili zikichomekwa katika simu moja bila kusawazishwa, ile inayovuma kwa nguvu itashinda kabla shindano halijaanza.

Wapo wenye hoja za kuupinga uchambuzi huu, nao si wa kupuuzwa. Husema kwamba kuigiza iyafoni kwa kompyuta hakubebi kila kitu: hakuonyeshi kama inakwaruza ikipandishwa, wala kama inaumiza sikio baada ya saa mbili. Ni kweli, na faraja ya sikio ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyoliheshimu. Husema pia kwamba watu hawapendi kitu kimoja. Na hapo Harman wenyewe, katika utafiti mwingine uliohusu vifaa vya kufunika sikio lote, waliwagawa wasikilizaji makundi matatu, takriban asilimia 64 wakiridhika na ule mchoro, asilimia 15 wakitaka besi zaidi, na asilimia 21 wakitaka besi kidogo. Lakini kiu ya besi zaidi huponywa bure kwa ikolaiza iliyomo ndani ya simu. Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya chini kabisa ya ngazi: iyafoni za barabarani zisizo na jina, au zenye jina la kuibwa, ambazo kushoto kwake husema kwa nguvu kuliko kulia, ambazo waya wake hukatika kabla ya mwezi kuandama tena, na ambazo hakuna aliyekaa kuzipima. Huko bei husikika kwelikweli. Anayetoka huko akapanda ngazi moja au mbili atasikia alichokilipia, na atakayemwambia kwamba fedha si kitu atakuwa anampotosha. Ngazi hizo zikishapita, panda uwezavyo, hapana ahadi.

Isitoshe, iyafoni haiwezi kutoa kisichoingia. Wimbo uliobanwa mara kadhaa, ukapitishwa simu kwa simu hadi ukafika kwenye kadi ya kumbukumbu, umekwisha kupoteza sehemu ya sauti zake njiani, wala dola 1,300 haziwezi kuzirudisha. Mwenye kumsikiliza mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake katika santuri walizorekodi Bombay mwaka 1928 anasikia kile mashine za zama hizo zilichoweza kukichukua, nazo hazikuziweza zile sauti nyembamba kabisa. Iyafoni kali itamwonyesha kwa ufasaha zaidi mchakacho wa sindano, na sijui ni wangapi wanaoutafuta.

Haya yote hayamaanishi kwamba bei kubwa ni utupu. Hununua waya unaoweza kubadilishwa, kipaza sauti kinachosikika katika upepo, dhamana inayotimizwa, na kwa zile zisizo na waya, uwezo wa kuzima kelele za nje. Huu wa mwisho nauweka mbali na mengine. Mngurumo wa injini ya basi ni sauti nene inayodumu, na sauti za namna hiyo ndizo ambazo iyafoni za kuzima kelele huzimudu zaidi. Mtu aliyezoea kupandisha simu yake mpaka mwisho ili aishinde injini huweza kuiteremsha na bado akasikia kila neno. Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi cha desibeli 80 kwa saa 40 katika juma kuwa mpaka wa salama kwa mtu mzima, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo hugawanywa nusu, hata kwenye desibeli 89 hubakia saa tano tu. Kwa msafiri wa kila siku kati ya Mbagala na Posta, fedha iliyolipwa hapo hulifikia sikio kwa njia ambayo hakuna mchoro wa sauti unaoionyesha. Na mwezi Septemba 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani iliidhinisha programu inayozifanya AirPods Pro za toleo la pili kuwa msaada wa kusikia kwa watu wazima ambao usikivu wao umepungua kwa kiasi kidogo au cha wastani, jambo ambalo iyafoni ya dola 20 hailifanyi.

Linalobaki ni namna ya kununua, na hapo pana kikwazo kisichokuwapo katika bidhaa nyingine. Viatu hupimwa mguuni na nguo hupimwa mwilini, lakini iyafoni ya kuingia sikioni, kwa ajili ya nta na unajisi wake, dukani haijaribiwi na kila mpita njia. Mnunuzi huonyeshwa kisanduku, huambiwa bei, na kwa kuwa hana hoja nyingine ya kushika, bei yenyewe huwa ndiyo sauti anayoisikiliza. Mwenye duka angeweza kuweka iyafoni moja ya kujaribia kwa kila aina, akabadilisha vimpira kwa kila mteja na kuvisafisha vilivyotumika kwa spiriti, akauchezesha wimbo mmoja, kwa sauti iliyosawazishwa, huku visanduku vyote vikiwa chini ya meza. Gharama yake haitafika thamani ya iyafoni moja iliyo ukutani. Lakini angelazimika kuwa tayari kuwaona baadhi ya wateja wake wakichagua zile za bei ndogo na kuondoka na furaha, hali kodi ya duka ya Kariakoo haishuki.